Maswali ya Wasomaji: Mwani katika kazi ya kusafisha majitaka

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi kwamba mwani mdogo wa seli moja, ambao hauonekani kwa macho mpaka uwe mwingi kiasi cha kuyageuza maji kuwa ya kijani, unaweza kutumika kuondoa uchafuzi katika majitaka kabla hayajaachiwa kuingia mtoni au ziwani. Barua tulizopokea zinauliza mambo ya msingi ambayo hayakupata nafasi katika makala ile, na baadhi yake zimeandikwa na watu ambao kazi yao ya kila siku ni maji. Tumezifupisha bila kubadili maana.

Ndugu Mhariri, mimi ni mvuvi. Ziwa letu hugeuka kijani kila mwaka, maji yakanuka na samaki wakaelea wamekufa. Wataalamu walitueleza kwamba adui ni mwani. Sasa ninyi mnaandika kuwa mwani ni msafishaji. Huku si kumkabidhi fisi bucha?

Ndugu yetu mvuvi, wataalamu wale walisema kweli, na wewe una sababu ya kuuliza, kwa kuwa mwani unaoua samaki wenu na mwani unaosafisha majitaka hufanya kazi ileile. Mwani huhitaji mwanga, hewa ukaa na virutubisho viwili vikubwa, yaani nitrojeni na fosforasi. Virutubisho hivyo ndivyo vinavyojaa katika majitaka ya majumbani, katika mbolea inayosombwa na mvua kutoka mashambani na katika kinyesi cha mifugo. Vikifika ziwani, mwani huvifyonza na kuongezeka upesi.

Mwaka 1973, huko Ontario nchini Kanada, watafiti wakiongozwa na David Schindler waliligawa ziwa dogo linalojulikana kwa namba 226 katika sehemu mbili kwa pazia lililoteremshwa majini. Sehemu zote mbili walizitilia kaboni na nitrojeni, lakini fosforasi waliitia upande mmoja tu. Kabla msimu haujaisha, upande wenye fosforasi ulikuwa umegeuka kijani, huku upande wa pili ukibaki kama ulivyokuwa. Picha ya ziwa hilo iliyopigwa kutoka angani imekuwa hoja yenye nguvu kwa wote waliotaka fosforasi ipunguzwe katika sabuni na katika majitaka.

Madhara makubwa huja mwani ule unapokufa. Huzama, bakteria wakauozesha, na katika kuuozesha wakamaliza oksijeni iliyoyeyuka katika maji ya chini, ndipo samaki hukosa pumzi. Baadhi ya sayanobakteria, ambao watu wengi huwaita mwani wa kijani-bluu, huongeza sumu juu ya hayo. Mwezi Agosti 2014 mji wa Toledo nchini Marekani, unaochota maji yake katika Ziwa Erie, ulilazimika kuwaambia watu zaidi ya laki nne wasinywe maji ya bomba wala wasiyachemshe, kwa sababu sumu iitwayo mikrosistini haiharibiwi na moto wa jikoni, na kadiri maji yanavyopungua chunguni ndivyo inavyozidi kukolea.

Bwawa la kusafishia huliwahi janga hilo. Mwani huachwa ukue mahali palipojengwa kwa ajili hiyo, ufyonze nitrojeni na fosforasi hadi vipungue, kisha uondolewe ukiwa bado hai, na maji yaendayo ziwani yawe hayana tena cha kulisha mwani mwingine. Neno zito katika sentensi hiyo ni kuondolewa. Bwawa ambalo mwani wake hauvunwi, bali unaachwa utiririke na maji hadi ziwani, limebadilisha sura ya uchafu tu, na wewe mvuvi una haki ya kulilalamikia.

Mwalimu wetu wa biolojia anafundisha kwamba mwani hujitengenezea chakula kwa usanisinuru. Kama ni hivyo, unawezaje kula kinyesi? (Mwanafunzi wa sekondari)

Mwalimu wako yuko sahihi, na kwa sehemu kubwa mwani hauli kinyesi. Wanaokula mabaki ya viumbe katika majitaka ni bakteria, nao wanahitaji oksijeni nyingi. Katika mitambo ya kawaida, ile ambayo hewa husukumwa ndani ya matangi yenye tope la bakteria, njia iliyoelezwa na Ardern na Lockett huko Manchester mwaka 1914, oksijeni hiyo huletwa kwa mashine, na mara nyingi mashine hizo pekee hutumia nusu ya umeme wa mtambo mzima au zaidi.

Mwani huileta oksijeni hiyo kwa nguvu ya jua. Kwa kila gramu ya mwani mkavu inayotengenezwa, hutolewa takriban gramu moja na nusu ya oksijeni. Bakteria huitumia kuvunjavunja uchafu, na katika kufanya hivyo hutoa hewa ukaa na amonia (kemikali yenye nitrojeni), ambavyo mwani huvihitaji ili ukue. Mshirikiano huu ulichunguzwa kwa kina tangu miaka ya 1950 na William Oswald wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambaye kutokana nao alibuni bwawa la kina kifupi, mara nyingi kati ya sentimita 30 na 40, lenye umbo la uwanja wa mbio. Humo gurudumu lenye makasia husukuma maji polepole, sentimita 15 hadi 30 kwa sekunde, ili seli zisizame na kila moja ipate zamu yake ya mwanga.

Kuna jambo jingine linalotokea bwawani, ambalo kwetu ni la kuvutia kuliko yote. Mchana, mwani unapofyonza hewa ukaa kwa kasi kuliko bakteria wanavyoitoa, asidi ya maji hupungua na kipimo cha pH hupanda, pengine hadi kupita 10 jua linapokuwa kali. Katika hali hiyo amonia, ambayo kwa kawaida hukaa majini ikiwa ioni, yaani chembe yenye chaji ya umeme iliyoyeyuka, hugeuka gesi na sehemu yake huruka. Fosfeti, yaani fosforasi katika umbo inalokuwa nalo majini, hushikana na kalsiamu, ikaganda na kutua chini. Bakteria wengi wa maradhi hawawezi kuvumilia pH kubwa, oksijeni nyingi na miale ya jua kwa pamoja, hivyo hufa. Kwa maneno mengine, mwani huyasafisha maji kwa kuvifyonza virutubisho na pia kwa kuibadilisha kemia ya maji yenyewe.

Hata hivyo, pH kubwa si neema tupu. Gesi ya amonia ikizidi hudumaza mwani, na nitrojeni iliyorukia hewani haiwezi tena kurudi shambani kuwa mbolea. Majitaka ya majumbani huwa na kaboni kidogo ikilinganishwa na nitrojeni na fosforasi yaliyo nayo, kwa hiyo baadhi ya mabwawa huongezewa hewa ukaa kwa makusudi, kwa mfano ile inayotoka kwenye mtambo wa bayogesi ulio jirani. Hapo pH hushuka, mwani hukua zaidi, na nitrojeni nyingi hubaki ndani ya seli ambamo inaweza kuvunwa.

Usiku mambo hugeuka. Mwani nao huvuta oksijeni bila kuitoa, na ile iliyomo majini hupungua hadi kufikia kiwango cha chini kabisa alfajiri. Siku ukionyeshwa vipimo vya oksijeni vya bwawa lolote, uliza kwanza vilichukuliwa saa ngapi.

Je, maji yakishapita kwenye bwawa la mwani yanafaa kunywewa, au walau kumwagilia mboga?

Kunywa, hapana. Kumwagilia kunawezekana, lakini kwa kupima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989 uliweka kikomo cha bakteria 1,000 wa kinyesi katika mililita 100 kwa maji ya kumwagilia mazao yanayoliwa mabichi, pamoja na wastani usiozidi yai moja la mnyoo kwa lita. Bakteria hupungua sana kwa jua na kwa pH, kama tulivyoeleza, ila mayai ya minyoo ni magumu na mwani hauyadhuru. Hayo huondoka kwa kutuama, na katika bwawa linalozungushwa na makasia hakuna kitu kinachotuama. Kwa hiyo ni lazima pawe na bwawa tulivu la kutuamishia kabla au baada ya lile la mwani, na maji yakae humo siku za kutosha.

Mimi ni fundi wa mitambo ya maji. Mnasisitiza kuvuna, lakini hamkueleza ugumu uko wapi. Kwa nini tusichuje kwa kitambaa kizuri yakaisha?

Fundi, swali lako ndilo lililowashinda wengi waliotangulia. Seli za Chlorella, mojawapo ya jamii zinazokutwa sana katika majitaka, zina upenyo wa kati ya mikromita 2 na 10. Kitambaa chenye matundu madogo kiasi cha kuzizuia huzibwa nazo baada ya muda mfupi. Uzito wa seli unakaribiana na wa maji, kwa hiyo hazina haraka ya kuzama. Ngozi zake zina chaji hasi ya umeme, na chaji hizo huzifanya zisukumane badala ya kushikana. Juu ya yote, zimetawanyika mno, kwani bwawa lenye afya linaweza kuwa na gramu 0.3 tu za mwani mkavu kwa lita. Maana yake ni kwamba katika tani nzima ya maji unatafuta gramu 300.

Njia zipo. Ya kawaida ni kutia shabu au chumvi za chuma, ambazo huondoa msukumano wa chaji ili seli zishikane katika mabonge yanayozama, au yanayoelea yakinyanyuliwa na viputo vidogo vya hewa na kukwanguliwa juu. Kazi hufanyika vizuri, lakini shabu au chuma hicho hubaki ndani ya mwani na kupunguza matumizi yake ya baadaye. Badala yake inaweza kutumika kaitosani, inayotokana na maganda ya kamba na kaa, ambayo huoza yenyewe lakini bei yake ni kubwa zaidi. Mashine za kuzungusha kwa kasi hutenganisha mwani upesi na bila kemikali, ila hutumia nishati nyingi kiasi kwamba zinawafaa wanaouza mwani kama dawa au lishe, si mji unaosafisha maji yaliyotoka vyooni.

Sisi tunaona kwamba njia zenye matumaini zaidi ni zile zinazomchagua mwani anayevunika tangu mwanzo. Mojawapo ni kuchukua sehemu ya mabonge yaliyotua chini ya tangi la kutuamishia na kuyarudisha bwawani kila siku, ili jamii zinazopenda kushikana na kuzama zitawale na zile zinazoelea peke yake zisombwe na maji. Nyingine ni kutumia mwani wa nyuzinyuzi kama Oedogonium, ambao hunaswa kwa wavu wa kawaida. Ya tatu ilibuniwa na Walter Adey wa taasisi ya Smithsonian nchini Marekani. Kwa njia hiyo maji hutiririshwa juu ya sakafu yenye mwinamo kidogo iliyotandikwa wavu, mwani hujishikiza humo na kuota kama zulia, na baada ya siku kadhaa zulia hukwanguliwa, likaota tena. Katika hizo zote, maumbile hufanya sehemu ya kazi ambayo vinginevyo ingefanywa na mota yako.

Tungependa uwaeleze wakubwa wako kwamba ruhusa ya kisheria haitoshi kuwa kipimo. Sheria ya Jumuiya ya Ulaya ya mwaka 1991 kuhusu majitaka ya miji iliyaruhusu mabwawa yatoe maji yenye hadi miligramu 150 za chembe kwa lita, wakati kipimo cha mitambo mingine katika miji yenye mzigo wa watu zaidi ya 10,000 kilikuwa miligramu 35. Sababu inaeleweka, kwamba chembe hizo ni mwani hai na si kinyesi. Lakini nitrojeni na fosforasi zilizomo ndani ya mwani huo zitaachiwa majini siku utakapokufa, na mto unaozipokea hautajali zilikuja zikiwa na umbo gani.

Halmashauri yetu inafikiria kuachana na mtambo wa kusafisha majitaka kwa umeme na kujenga mabwawa ya mwani. Je, tunahitaji eneo kiasi gani? (Diwani)

Mheshimiwa Diwani, hesabu hii unaweza kuifanya mwenyewe na kuwasomea wajumbe wenzako. Mtu mmoja hutoa takriban gramu 12 za nitrojeni kwa siku katika majitaka. Bwawa lililotunzwa vizuri, mahali penye jua la kutosha, linaweza kutoa kiasi cha gramu 15 za mwani mkavu kwa kila mita ya mraba kwa siku, na nitrojeni huwa kama asilimia 8 ya uzito huo, yaani gramu 1.2. Ukigawanya 12 kwa 1.2 unapata mita 10 za mraba kwa kila mtu. Ukirudia kwa fosforasi, ambayo mtu hutoa gramu moja na nusu hadi mbili kwa siku na ambayo ni karibu asilimia moja ya uzito wa mwani, unapata jibu linalokaribiana na hilo. Mji wa watu 100,000 ungehitaji basi hekta 100 za uso wa maji, bila kuhesabu kingo, barabara na mabwawa ya kutuamishia.

Sasa angalia upande wa oksijeni. Uchafu wa mtu mmoja kwa siku huhesabiwa kuwa unahitaji gramu 60 za oksijeni ili bakteria waumalize. Mwani wa mita moja ya mraba, kwa kiwango kilekile cha gramu 15, hutoa oksijeni inayozidi kidogo gramu 22. Kwa hiyo mita tatu za mraba kwa mtu zinatosha kuondoa harufu na uozo, japo kwa hesabu ya karatasi, maana sehemu ya oksijeni huruka kabla haijatumika. Tofauti ya mita tatu na mita kumi ndiyo inayopaswa kujadiliwa katika kikao chenu. Mkitaka maji yasiyonuka na yasiyomaliza oksijeni ya mto, eneo dogo litatosha. Mkitaka ziwa lililo mbele yenu lisigeuke kijani, lazima mlipe kwa ardhi, au mwani ufanye sehemu ya kazi na kemikali zimalizie fosforasi.

Gramu 15 tulizozitumia ni wastani wa mwaka katika mahali panapofaa. Penye baridi kali na siku fupi kiwango hushuka sana, na bwawa lililopimwa kwa kiangazi litaelemewa wakati wa majira ya baridi. Penye ardhi ya bei ghali, mtambo wa umeme unaweza kubaki chaguo la busara, nasi hatuoni aibu kulisema hilo katika safu inayoutetea mwani. Lakini penye jua, penye ardhi tambarare na penye umeme unaokatika, kuendelea kununua mashine za kupuliza hewa ambazo zitasimama siku umeme ukikosekana ni jambo linalotusikitisha, hasa kwa kuwa umeme ukikatika uchafu wote huenda mtoni bila kuguswa.

Nafanya kazi katika kiwanda cha nguo. Maji yetu yana rangi na metali. Mwani utasaidia?

Kwa metali, ndiyo, kwa masharti. Kuta za seli za mwani zina sehemu zenye chaji hasi zinazozivuta ioni za metali kama risasi, kadimiamu na shaba. Hata mwani uliokufa na kukaushwa hufanya kazi hiyo, na ile mikubwa ya rangi ya kahawia inayoota baharini, kama Sargassum, inafahamika kwa uwezo huo. Unapitisha maji kwenye mnara uliojazwa mwani mkavu, metali inanaswa, kisha unaiosha kwa asidi dhaifu na kuikusanya. Lakini metali haiozi. Imehama tu kutoka katika maji mengi kwenda katika mwani mchache, na mwani huo sasa ni taka hatari inayohitaji mahali salama.

Rangi ni tatizo la aina nyingine, kwa kuwa huzuia mwanga usipenye, na mwani usiopata mwanga haukui. Ipunguzeni kwanza kwa njia nyingine kabla maji hayajafika bwawani. Kuhusu dawa za binadamu, ambazo wasomaji kadhaa wameziuliza pia, baadhi huvunjwa na jua pamoja na bakteria wanaoishi na mwani, lakini nyingine ni sugu. Kabamazepini, dawa ya kifafa, ni mfano wa zile zinazopita katika mitambo ya kawaida karibu bila kupungua.

Nafuga kuku. Nimesikia mwani una protini nyingi. Nikipata ule unaovunwa kwenye majitaka, niwalishe?

Usiwalishe. Ni kweli kwamba mwani una protini nyingi, na Chlorella na Spirulina zinazouzwa kama lishe hukuzwa katika maji safi yanayojulikana kilichomo. Mwani wa majitaka unaweza kubeba vimelea vya maradhi na, kama tulivyomweleza msomaji wa kiwandani, hukusanya metali. Matumizi yake salama zaidi ni mbolea, baada ya kupimwa metali na kuozeshwa vizuri, au bayogesi. Mji wa Chiclana de la Frontera, kusini mwa Hispania, umeonyesha kwamba mwani uliokuzwa kwa majitaka ya mji unaweza kutoa gesi ya kuendeshea magari.

Wanaofikiria bayogesi wakumbuke jambo moja ambalo husahaulika. Mwani unapooza ndani ya mtambo wa gesi, kaboni huondoka ikiwa gesi, lakini nitrojeni na fosforasi hubaki katika tope na maji yanayotoka upande wa pili. Maji hayo ni mbolea. Yakimwagwa tena bwawani, kazi yote ya mwani imerudi ilikoanzia.

Ipo pia njia ya zamani ya kumwachia samaki kazi ya kuvuna. Katika maeneo oevu ya mashariki mwa Kolkata nchini India, yaliyoorodheshwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda maeneo oevu, majitaka ya jiji huingizwa kwa kipimo katika mabwawa mapana yenye kina kifupi, jua na mwani vikafanya kazi yake, na samaki wakala viumbe vidogo vinavyoota humo. Samaki anapotolewa bwawani, sehemu ya fosforasi ya jiji hutoka naye. Ni mfumo unaostahili heshima kubwa, ingawa hutegemea majitaka yasiyochanganyika na ya viwandani, na samaki hao wanapaswa kupikwa vizuri.

Ninasimamia mabwawa ya mwani katika taasisi moja. Juzi bwawa lilikuwa kijani kama kawaida, na baada ya siku chache maji yakawa meupe, unaona hadi chini. Wenzangu walifurahi wakidhani sasa yamesafika. Mimi nina wasiwasi, kwa sababu asubuhi linanuka. Nini kimetokea?

Wasiwasi wako ni wa haki. Chota maji katika glasi, yainue mbele ya mwanga na uyatazame kwa kioo cha kukuza. Tunatarajia kwamba utaona vijidudu vinavyorukaruka, na hao watakuwa dafnia, au utaona kwa hadubini rotifa wenye vinywa vinavyozungushazungusha nywele. Wote hula mwani, na wakipata joto na chakula wanaweza kulimaliza bwawa zima katika siku chache. Mwani ukiisha, oksijeni huisha, amonia hupanda, na maji yanayoonekana safi yanakuwa machafu kuliko yale ya kijani. Pima amonia leo, nawe utaliona hilo kwa namba.

Kama una bwawa la pili ambalo bado ni kijani, punguza majitaka yanayoingia katika lile lililoliwa na ulitilie maji ya lile zima, baada ya kuyapitisha katika wavu wa matundu madogo unaozuia dafnia. Punguza muda ambao maji hukaa bwawani, maana dafnia huzaana polepole kuliko mwani na watasombwa kabla hawajawa wengi. Baadhi ya wasimamizi hutia hewa ukaa nyingi usiku kwa saa chache ili kuwakosesha pumzi, na wengine huiachia pH ipande mchana ili gesi ya amonia iwaue, kwa kuwa wanyama hao huathiriwa nayo mapema kuliko mwani. Njia hii ya mwisho inahitaji vipimo vya mara kwa mara, kwa sababu mpaka kati ya kumuua dafnia na kuudhuru mwani ni mwembamba. Hadi rangi irudi, usiyaruhusu maji ya bwawa hilo yatoke kwenda mtoni. Yaelekeze kwenye bwawa la kutuamishia, na uwaeleze wenzako kwa nini umelifunga lango.